Pansit ya Ate Luz

Mimi si mtu wa kupikia nyumbani. Nasema mapema ili anayenijua asishangae. Jiko langu la kazi liko nyuma ya barabara kuu pale Edmonton, kaskazini mwa London, lina masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani, lina chumba cha baridi, lina vijana wenye digrii zao ambao kila asubuhi hunisimamia mbele wakasema, "Bosi, leo tunaanza na nini?" Harusi kubwa za Stanmore, za Wahindi waliozaliwa Kisumu na Mombasa wakaja huku na masanduku yao, hazipangiwi siku mpaka kwanza nimeulizwa kama nina nafasi. Na shule niliishia darasa la sita, wala sioni haya kulisema. Kwa hiyo mke wangu Rukia aliponikuta Jumapili ile asubuhi nimesimama jikoni kwetu, aproni kiunoni, nakata karoti nyembamba kama njiti za kibiriti, aliegemea mlango akasema, "Haya, leo kumekucha. Nani kafa?" Alisema kwa mzaha. Nikamjibu, "Ate Luz." Akavuta kiti akakaa. Rukia hakupata kumwona Ate Luz hata siku moja, lakini jina analijua kama majina ya shangazi zake, kwa kuwa hakuna karamu niliyokaa chini nikashiba bila kumsimulia mtu habari zake.

Aliyenipa habari ni Grace, bintiye. Alinipigia Jumatano nikiwa kwenye gari. "Tito Sal? Mimi Grace, wa Luz." Tito kwao Ufilipino ni mjomba, na Sal ni mimi, Swaleh, maana Ate Luz alisema jina langu ni refu mno kwa mtu mwembamba vile. Grace yuko London mwaka wa pili sasa, anatunza wazee upande wa Croydon, na katika muda wote huo tulikuwa tumesalimiana kwa simu tu, kila mmoja na shughuli zake. Akaniambia mama yake amefariki mwezi uliopita. Nikampa pole, nikamwuliza mazishi yalikwendaje, akasema watu walikuwa wengi. Kisha akasema Jumapili ingekuwa siku ya kuzaliwa ya mama yake, na siku ya kuzaliwa bila pansit kwao si siku ya kuzaliwa, lakini chumba alichopanga hawamruhusu kukaanga kitu, wana ile mashine ya kupashia chakula tu. "Mama alisema wewe ndiye unayeipika kama yeye," akasema. Wallahi nilifurahi. Mtu amefiwa na mimi nafurahi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ningeweza kumwagiza kijana kazini apike treya nzima akampelekee na gari. Nikasema hapana, hii naipika mwenyewe, nyumbani kwangu, na wewe utakuja ule mezani kwangu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa napakua maboksi kwenye ghala, na nilipanga chumba cha juu, nyuma, katika nyumba moja ya zile za kushikana ukuta kwa ukuta. Kilikuwa chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda, na ukikaa kitandani magoti yanagusa dirisha. Nyumba ilikuwa na wapangaji watatu. Chumba cha mbele juu alikuwa Mama Njeri, mama wa Nyeri, mrefu, mdomo kama wembe, akifanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee na kulala mchana kutwa huku redio ikihubiri. Chini, katika kile ambacho kwa wenye nyumba kingekuwa sebule, alikaa Ate Luz. Yeye ndiye aliyekodi nyumba nzima kwa mwenye nyumba, kisha akatupangisha sisi vyumba. Alinizidi miaka zaidi ya ishirini, nami kwa adabu zangu za Mombasa nikataka kumwita Mama. Akanikatalia siku ile ile. "Wa kuniita Mama ninao wawili na wako mbali," akasema. "Wewe niite Ate. Dada mkubwa inatosha." Haya ninayoyaandika kwa Kiswahili yeye aliyasema kwa Kiingereza chake, na mimi nikajibu kwa changu, vyote viwili vya kuokoteza, na hatukushindwa kuelewana hata siku moja.

Mambo yote ya nyumba ile yalikuwa jikoni. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda, matufaha yamefutika rangi pale ambapo Mama Njeri huweka viwiko vyake. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, karibu hivi kwamba ungeweza kuupaka rangi bila kutoka nje. Juu, kengele ya moshi ilikuwa imevishwa kofia ya plastiki ya kuogea, maana bila hivyo vitunguu saumu vya Ate Luz vingeita gari la zimamoto kila Jumapili. Na ukutani zilining'inia karai mbili. Moja ilikuwa imefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Hiyo ilikuwa yangu. Nilihamia pale Ramadhani ikikaribia kwisha, baridi ya kukata masikio, jua linatua kabla mtu hajamaliza kufikiri chakula cha mchana, na siku ya pili Ate Luz alinikuta nafuturu mkate mkavu na chai nimesimama kwenye sinki. Akaniuliza maswali. Hakuniambia pole wala nini. Kesho yake nikakuta karai mpya imefungwa uzi, na ndani yake pansit ya kuku inatoa moshi. "Hii ya Sal," alimwambia Mama Njeri. "Nguruwe hataijua mpaka ife." Mama Njeri akacheka, "Aki huyu kijana ameoa bila mahari." Mimi nilikula mpaka nikaona haya. Hata leo, mtu akinikaribisha nyumbani kwake, natazama kwanza kama amenifikiria kabla sijafika.

Pansit ni tambi. Tambi nyembamba za mchele, zinakaangwa na mboga na kuku na kamba, basi. Ukiitazama unaona ni kitu cha mara moja, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ate Luz alianza na vichwa vya kamba na mifupa ya kuku, akavichemsha mpaka madirisha yakalia jasho, kwa kuwa tambi hazina ladha yake zenyewe, zinakunywa ulichozipa. Kitunguu saumu kwanza, mafuta yakiwa ya moto lakini hayajakasirika. Kisha kitunguu maji, kisha kuku, kisha karoti na maharagwe ya kijani, kabeji mwisho kabisa, na mboga zote zikatolewa zingali zinalia meno yakizigusa. Ile supu ikarudi kwenye karai na sosi ya soya, ikichemka ndipo tambi zikaingia. "Usikoroge," aliniambia, ananipiga kidole kwa mwiko. "Wewe unakoroga kama unachanganya saruji. Inua." Miko miwili, mmoja kila mkono, unaziinua juu unaziachia, unaziinua unaziachia, mpaka zimeinywa supu yote na karai inaanza kulia kavu. Leo ninao wapishi ninaowalipa vizuri na bado nawapiga kelele neno hilo hilo. Rukia Jumapili ile alikuwa ananitazama naziinua, akasema, "Kumbe unajua kupika kwa upole. Kazini kwako nasikia ni matusi tu." Nikamwambia kazini ni kazini.

Tukaelewana sana mimi na Ate Luz, na nilikuwa mwepesi kujifunza, hilo nalisema bila kujisifu. Lakini siku moja nilimharibia. Ilikuwa mwezi wa tano, siku ya kuzaliwa ya mama yake aliyekuwa kwao, ambaye yeye alimwita Nanay. Kila mwaka siku hiyo Ate Luz alipika pansit nyingi, akakaa mezani na kadi ya simu, zile za kukwaruza namba, akampigia mama yake na kumwambia, "Nakula sasa, Nanay, unasikia?" na mama kule akala ya kwake. Nikasema leo nimsaidie kabla hajatoka kazini. Kwetu Mombasa tambi kazi yake ya kwanza ni kuvunjwa. Unazivunjavunja vipande vya kidole, unazikaanga zibadilike rangi, unatia tui, sukari na iliki. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hivyo. Nikachukua pakiti zote alizonunua, nikakaa nikazivunja ndani ya beseni kwa makini, nikiona nimefanya la maana. Ate Luz akaingia na koti lake, akatazama beseni, akakaa bila kulivua.

"Zote?" akauliza.

"Zote," nikasema. "Nimekurahisishia."

Mama Njeri, aliyekuwa ameshuka kutafuta chai, akaona sura ya Ate Luz akauliza kuna nini. Ate Luz akaeleza polepole kwamba urefu wa tambi ndio umri wa anayepikiwa. Tambi za siku ya kuzaliwa hazikatwi, hazivunjwi, hata mdomoni huzikati kwa meno, unazivuta. Mama Njeri alijishika kiuno. "Wewe kijana wa Mombasa! Mama wa watu umemkata vipande!" Akacheka hadi akakaa chini kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nataka sakafu inimeze, nikaanza kujitetea, kwamba kwetu hazipikwi nzima, kwamba nzima zinakaba. Ate Luz akanitazama muda, kisha kona ya mdomo ikamponyoka. "Basi nipikie hizo za kwenu," akasema, "maana chakula hakitupwi. Na wewe utavaa viatu twende tukanunue nyingine." Tukapanda basi kwenda duka la Waasia, tukarudi, tukapika. Jioni ile meza ilikuwa na tambi za aina mbili, za chumvi ndefu na za sukari fupi, na Mama Njeri alikula za sukari mpaka akasema watu wa pwani tunapenda sukari kama nyuki, na sasa anajua kwa nini. Nanay alisikika kwenye simu akicheka. Alikuwa mzima kabisa.

Sasa nifike kwenye lile lililokuwa likimla Ate Luz mwaka ule wote. Alikuwa ameomba kibali cha kukaa Uingereza. Miaka tisa alikuwa hajaona watoto wake wala mama yake, kwa sababu karatasi zake zilikuwa Croydon, kwa watu wa uhamiaji, na kila aliyepita njia hiyo anajua sheria yake: ukitoka nje ya nchi kabla hawajakujibu, ombi lako limekufa, na mlango ulioingilia hutauona tena. Wakili wake kila akipigiwa alisema karibu, karibu sana. Kila mwezi ilibidi aende kule kusaini. Nilimsindikiza mara moja, kwa treni na kisha kwa tramu, kwenye yale majengo marefu ya ofisi ambayo upepo wake unakusukuma kama askari. Ate Luz siku hiyo alivaa vizuri kama anakwenda kanisani. Mlangoni, maana wapo walioingia kusaini wakazuiliwa humo humo, alinipa pochi lake na funguo za nyumba. "Nisipotoka mpaka saa nane mchana," akasema, "mwambie Mama Njeri. Yeye anajua la kufanya." Nilisimama ng'ambo ya barabara nikitazama mlango ule kama paka. Mimi mwenyewe mambo yangu yalikuwa sawa, nilikuja kwa visa ya ndoa, ndoa yenyewe ikavunjika, hayo si ya hapa. Lakini siku ile nilijifunza kuogopa kwa ajili ya mtu mwingine. Alitoka kabla ya saa nane, akachukua funguo zake, akasema ana njaa.

Mwezi wa kumi simu ikabadilika. Chumba changu kilikuwa juu ya jiko, na mbao za sakafu zilikuwa nyembamba. Lugha yao siijui hata leo, lakini yapo maneno yaliyotokeza nikayatambua: Nanay, Croydon, visa, Grace, hospitali. Yalianza kutokeza asubuhi mapema, kisha jioni pia. Dada yake Ate Luz alikuwa anapiga. Figo za mama zilikuwa zimeacha kazi, na mama alikuwa akimwuliza kila anayeingia chumbani kama Luz amefika. Ate Luz akawa anapika bila kula. Karai zote mbili zilikuwa na chakula kila siku, na yeye anakaa mbele ya sahani tupu anakunja na kukunjua kitambaa cha mikono. Siku moja nilijikaza nikamwuliza kama yale ya mwezi wa tano, zile tambi nilizovunja, ndiyo yamekuwa haya. Alinitazama kama hajaelewa, kisha akaelewa. "Sal," akasema, "Nanay ana miaka themanini. Tambi haziui mtu." Akaondoka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Siku ya uamuzi ilikuwa Jumamosi mchana, mvua ya kutonyesha vizuri wala kukatika. Mama Njeri alikuwa ameacha usingizi wake, ameshuka na kilemba cha kulalia, na hilo peke yake lilionyesha uzito wa jambo. Tulikaa watatu mezani. Mama Njeri akaanza, na hakuzunguka. "Luz, sikiza. Ukitoka, umetoka. Miaka tisa unatupa kwenye taka. Wakili anasema karibu, si amesema? Ngoja. Watoto wako shule wanasoma kwa hii mikono yako. Mama yako amekula, amevaa, ametibiwa kwa sababu uko huku. Ukienda utamshika mkono, sawa. Na baada ya kumshika?" Ate Luz alikuwa anatazama kitambaa cha meza. "Ananiuliza kila siku," akasema. "Dada anamwambia niko njiani. Wiki ya tatu sasa niko njiani." Kisha akainua uso, akaniuliza mimi. "Wewe Sal. Ungekuwa mimi?"

Bibi yangu aliyenilea alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla, na mimi nilisikia maziko kwenye simu, sauti ya wanaume wakichimba na kuitikia dua, salio likakatika kabla hawajamaliza. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilijua kitu kimoja tu kwa uhakika duniani. Nikasema, "Nenda." Mama Njeri akapiga meza. "Mtoto wa watu, unajua unachosema wewe?" Nikasema najua. Nikasema Croydon haitazeeka, mama atazeeka. Nikasema kazi zipo kila mahali na mama hayuko kila mahali. Nilisema vizuri, nakiri, nilikuwa na mdomo tangu zamani. Ate Luz hakulia. Aliinuka, akatoa koti kwenye msumari, akaenda kwa wakala wa tiketi kabla hajafunga, na Mama Njeri hakunisemesha mpaka Jumanne.

Aliondoka na masanduku mawili na shati nililomnunulia mwanawe wa kiume. Alifika. Mama alimtambua, akamwambia mbona umekonda, na kwa wiki chache zilizobaki Ate Luz alimlisha kwa kijiko, akamwogesha, akamfumba macho kwa mkono wake mwenyewe. Haya alinieleza kwa simu, sauti yake imetulia kama mtu aliyeweka mzigo chini. Na huku aliniachia karai zote mbili. Manesi wa Kifilipino waliokuwa wakimwagiza pansit za karamu zao walipopiga simu, niliyepokea ni mimi, nikawaambia Ate Luz hayupo lakini mkono wake upo. Wakacheka, mvulana Mwafrika, pansit? Wakajaribu. Wakaagiza tena. Mwaka uliofuata niliacha ghala. Baada ya pansit nikaongeza biriani, baada ya biriani nikapata harusi, na yaliyobaki watu wanayajua. Kwa hiyo nikisimama kwenye karamu za watu nikaulizwa nilianzaje, nasema nilianza na mwanamke aliyemchagua mama yake, na mimi ndiye niliyemwambia nenda. Nimeliona jambo hilo, miaka yote, kuwa ndilo bora nililowahi kulisema. Hata wanangu wawili, ambao nawasemesha Kiswahili wakanijibu Kiingereza, hiyo hadithi wanaijua kwa Kiswahili.

Simu zake zilikuja kwa muda, kisha namba ikabadilika, yake au yangu, tukapoteana miaka mingi. Akanitafuta tena kwenye mtandao tukiwa wote watu wazima, akiwa kwao, akanionyesha picha za bustani na wajukuu, nami nikamwonyesha magari yangu. Hatukuzungumza ya katikati. Nilidhani hakuna.

Grace alifika saa saba mchana na maua aliyoyashika kichwa chini, kama mtu asiyezoea kubeba maua. Mama wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mikono ya kazi. Rukia alimpokea koti, akamkalisha. Nikaleta pansit kwenye sinia kubwa, ndefu, zinang'aa, ndimu zimepangwa pembeni, na nikasimama nikingoja kusifiwa, maana ndivyo nilivyo. Alizivuta kinywani bila kuzikata. Akatafuna. Akasema, "Ndiyo. Hii ndiyo," akafuta macho kwa kiganja. Rukia akamwambia ale polepole, nyumba ni yake. Nikaanza kumsimulia, vipi nisimsimulie. Nikamweleza karai, uzi mwekundu, mvua ya Jumamosi ile, nikafika penye lile neno langu.

"Mama alituambia," Grace akasema. "Alikuwa anasema, Sal ndiye aliyenitoa kwenye kiti." Akazungusha tambi kwenye uma, hakuzila. "Nilikuwa na miaka kumi na saba, Tito. Nilikuwa nimeanza masomo ya unesi. Nilifurahi kumwona, usinielewe vibaya. Alikaa nasi miezi minane. Hakukuwa na kazi. Mimi nikaacha shule, ndugu yangu akaacha, kisha Mama akaenda Kuwait kufanya kazi za nyumbani. Miaka kumi na moja. Nyumba ya kwanza walimchukulia pasi na simu. Aliporudi mgongo wake ulikuwa umekwisha."

Sikujua la Kuwait. Nikamwambia, sikujua. Akasema, "Hakutaka ujue. Alisema ungehuzunika, na wewe ulikuwa unaendelea vizuri." Rukia alinitazama kisha akaangalia pembeni. Nikauliza swali la adabu tu, la kupitisha wakati: kwamba angalau yeye Grace alimwahi mama yake, alikuwa naye mwishoni?

"Mimi sikwenda," Grace akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaeleza bila haraka. Kampuni iliyomleta huku kutunza wazee ilifungwa, ikabidi aombe upya kupitia mwajiri mwingine, na jibu bado halijatoka. Akitoka, ombi limekufa. Ana mabinti wawili shuleni kwao. Ndugu yake alimpigia kumwambia mama amezidiwa, akafungasha, begi likakaa mlangoni. "Watu wa kanisani wakagawanyika. Nusu waliniambia nenda. Nikampigia Mama mwenyewe. Alikuwa bado anaweza kusema kidogo. Nikamwambia, Mama, nakuja." Akaweka uma chini. "Akasema, usije. Katika nyumba hii, aliyeacha yote akamrudia mama yake, mmoja anatosha. Akakata simu. Mama hakuwahi kunikatia simu maisha yake yote. Mazishi niliyatazama kwenye simu chooni kazini, kwa mapumziko, mzee wangu mmoja akibonyeza kengele."

Rukia alikuwa amemshika mkono. Na mimi, ambaye watu wote wananijua kwa mdomo, neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini, kwamba ungekwenda tu, kwamba mama ni mmoja, lile lile na kwa sauti ile ile. Nililisikia likija. Nikafunga mdomo, nikachukua sahani ya Grace, ambayo ilikuwa bado nusu, nikasema namwongezea. Nikaenda nayo jikoni. Nilikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kujaza sahani, mpaka Rukia akaja kuniita.